Folda Isiyo na Jina

Bi Pazia anaapa kwa macho yake mawili, ingawa alichotumia siku ile ni sikio tu, kwamba fundi lifti aliua mtoto. Husimulia bombani watu wakiwa wamepanga ndoo, na kila akisimulia mtoto anakua: mwanzo alikuwa wa tumboni, wiki iliyofuata akawa wa kunyonya, juzi amefika umri wa kutambaa. Anasema alikuwa ameketi zake chumbani anakunja nguo, mara ukutani akasikia sauti ya msusi, yule binti mpole asiyejua hata kumfokea paka, ikipasuka: "Umeniulia mtoto! Umeniulia mara ya pili!" Kisha mlango. Kisha viatu vya fundi vikishuka ngazi, vizito kama vya mtu aliyebeba jeneza.

"Mara ya pili, mmesikia?" Bi Pazia huinua vidole viwili. "Kwa hiyo ipo ya kwanza. Mimi nilisema tangu mwanzo, mwanamume anayefanya kazi mashimoni ana yake."

"Na polisi walikuja?" mtu huuliza.

"Polisi wa nini tena? Mambo ya wapendanao hayo!"

Maneno aliyoyasikia ni ya kweli, neno kwa neno. Ukuta ule ni mwembamba. Lakini Bi Pazia alisikia mwisho wa jambo tu. Mwanzo wake haukuwa chumbani, ulikuwa ndani ya lifti.

Ilikuwa Jumamosi na jengo la maduka limejaa hadi ngazini. Chini wanauza simu, katikati vipuri, juu kabisa kompyuta zilizostaafu maofisini. Msusi alikuwa anatoka juu. Alivaa gauni la njano lenye maua madogo, kichwani kitambaa cha rangi ya majani makavu, na kifuani amekumbatia mashine nyeusi iliyofungwa kwa shuka kuukuu, kama mtu anayehamisha mgonjwa. Lifti ilishuka kidogo, ikaguna, ikasimama. Taa ikazimika.

Watu wakaanza. Mmoja akasema hewa imekwisha, mwingine kwamba ana kikao na wakubwa.  Msusi aliegemeza mgongo, akaihamishia mashine kwenye nyonga ili mkono mmoja upumzike. Ni mtu wa kungoja. Kazi yake ni kukaa kutwa nyuma ya vichwa vya watu, kushika nywele kidogo kidogo na kusikiliza.

Chuma kikagongwa. Milango ikaachana kwa juu, na katika ufa ikatokea sura ya kijana mwenye tochi kwenye paji la uso.

"Poleni jamani! Mko wangapi humo?"

"Tuko wengi," alijibu msusi, "na kompyuta moja."

Kijana akacheka, na wale waliokuwa wakilalamika nao wakacheka bila kutaka. Akashusha ngazi fupi, akaanza kuwavuta mmoja mmoja. Zamu ya msusi ilipofika, aliinua mashine badala ya mkono.

"Anza na hii."

"Dada, watu kwanza, vitu baadaye."

"Hiki si kitu. Ichukue taratibu."

Fundi aliipokea akainama kwa uzito. "Yarabi! Umebeba nini humu, matofali?"

"Kabati."

"La nguo?"

"La picha."

Alipomvuta juu naye, aliona vidole vyake: vyembamba, ncha zimekauka kwa dawa za nywele, vyepesi kwenye kiganja chake kama vya mtu asiyetaka kusumbua. Fundi mwenyewe alivaa ovaroli ya bluu yenye doa la grisi begani, na kiunoni mkanda wa spana uliolia kila alipogeuka. Aliiweka mashine begani pale kwenye grisi, bila kuombwa.

"Kabati lako nalifikisha wapi?"

"Ukitaka kulibeba mpaka kwangu, utajuta. Ni mbali."

"Mimi kutwa napanda na kushuka mahali pamoja. Nionee huruma, nipe pa kwenda."

Ndivyo ilivyoanza. Msusi akamwita fundi Ghorofa, kwa sababu ya kazi. Fundi naye akamwita Kitana, kwa sababu siku ile ya kwanza msusi alisahau kitana nyuma ya sikio tangu asubuhi na njia nzima hakuna aliyemwambia.

Saluni hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ndiyo ikawa siku ya mashine. Aliyeiuza, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni ambaye jengo zima linamwita Shangazi Waya, alimpa na flashi yenye programu, akamwambia aichomeke, awashe, afuate maelekezo kwenye video za simuni. Akikwama, apige.

Alikwama kila mara. Kioo kikawa cheusi na maandishi meupe yakamiminika kama mchele uliopasua gunia. Akasoma mstari mmoja mmoja, akarudisha video nyuma, akasoma tena. Ghorofa alikaa kitandani akimenya chungwa.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Sina."

"Basi bonyeza. Hata mimi kwenye lifti huwa sina."

Mashine ilipokubali kuamka vizuri ilianza kuvuma, pangaboi lake likikwaruza kwa ndani. Ghorofa akatega sikio. "Huyu anakoroma kama bibi yangu." Jina likabaki. Bibi akawekwa kwenye kigoda karibu na dirisha, waya wake wa bluu ukaenda hadi kwenye kisanduku cha intaneti, na juu yake kikatandikwa kitambaa cha kufuma.

Siku umeme ulipokatika na kurudi, simu ya msusi, ambayo humpandishia Bibi picha kupitia kisanduku hicho, ikamkosa kabisa. Msusi aliwasha, akazima, akakaribia kulia. Shangazi Waya akamweleza kwa simu, huku akigombana na mteja mwingine pembeni: "Kila akizimika akiamka anapewa anwani mpya, mwanangu. Ni kama mpangaji anayehama chumba bila kuaga, utamwonaje? Ingia kwenye kisanduku, mpe anwani ya kudumu. Hapana, wewe bwana, hiyo chaja haina dhamana! Umeelewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Na nakala je? Hiyo diski ni chuma, na chuma huchoka. Nakala ziwe tatu. Moja kwenye mashine, moja kwenye kitu kingine, na moja ilale nje ya nyumba yako."

"Ilale nje?"

"Nyumba ikiungua, utabaki na nini?"

Msusi alikaa na neno hilo. Moja kwenye Bibi. Moja kwenye simu yake. Na ya tatu ilale nje.

Ghorofa aliwahi kumuuliza kwa nini asihifadhi picha kama watu wengine, kwenye mtandao wa makampuni.

"Nilihifadhi. Laini yangu ikafungwa. Nikitaka kuingia wanasema wametuma namba ya siri kwenye laini ileile iliyofungwa. Nikabisha hodi miezi, hakuna mtu wa kuongea naye. Hizi nilizonazo ni zile tu zilizokuwa zimebaki simuni."

"Picha zenyewe za nini, Kitana? Mitindo ya nywele?"

Alikuwa amemgeuzia mgongo, anafuta vumbi la Bibi. "Nitakuonyesha Jumapili moja."

Hakuwa anamficha kwa hila. Wanaume waliotangulia kuambiwa, mmoja alikohoa akaomba maji na hakurudi. Mwingine mama yake alisema nyumba isiyokuza mtoto ina mkosi. Kwa hiyo alijifunza kulichelewesha neno lile, kama mtu anayechelewesha kufungua mlango huku anajua anayebisha. Lakini Ghorofa hakuwa kama wale. Anapiga simu akiwa ndani ya shimo la lifti ili tu amwambie mwangwi wake unavyosema "Kitana, tana, tana." Akipitia saluni humletea soda na kuwaambia wateja, "Jamani msimchoshe, vidole hivyo vina mwenyewe," nao humzomea mpaka mlangoni.

Msusi akapata wazo, na kwake lilikuwa wazo zuri kuliko yote. Simu ya Ghorofa hulala kwa Ghorofa, ng'ambo ya reli. Tena imejaa daima, maana kabla ya kufungua waya wowote huupiga picha, asije akasahau ulikotoka. Siku ya Jumatatu aliichukua, akaweka jina lake mwenyewe la kuingilia na neno lake la siri. Hakujua kwamba angeweza kumfungulia Ghorofa akaunti yake peke yake.

"Umefanya nini?"

"Tunatumia kabati moja sasa. Picha zako za waya zitapanda zenyewe kwa Bibi."

"Hii sasa ni ndoa."

"Nyamaza wewe."

"Kitana, watu huanza kwa pete, sisi tumeanza kwa neno la siri." Akambusu kisogoni.

Alikuwa amemkabidhi kila kitu, na hakumwambia. Alipanga kumwambia Jumapili. Hakujua kwamba picha zingeshuka kwenye simu ile kabla ya Jumapili kufika, kidogo kidogo, kila simu ilipopata intaneti.

Ijumaa Ghorofa alikuwa juu ya paa la lifti katika jengo la ofisi, miguu inaning'inia gizani, mbele yake kisanduku cha waya nyekundu, bluu na kijani. Akainua simu apige picha. Simu ikamwambia imejaa. Akaingia kwenye picha afute za zamani.

Akakuta mtoto.

Mtoto kwenye beseni. Mtoto mwenye kofia ya njano, povu mdomoni. Mtoto amelala, kiganja wazi. Alishuka kwa kidole na mtoto hakwisha. Kisha moja ikamsimamisha: mtoto amelala kifuani pa mwanamume aliyevaa shati la kazi lenye mchoro wa godoro mfukoni, na mkono wa mwanamume umezunguka bega la msusi, na msusi anacheka kicheko ambacho Ghorofa hajawahi kukiona usoni pake.

 Chini watu walikuwa wanabonyeza kitufe bure. Kwa hiyo ana mtoto, alijisemea. Mtoto yuko mahali, na baba yuko mahali, na mimi ni wa Jumatatu.

Angeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mkononi. Lakini mwenzake alimwita kutoka chini, "Ghorofa, umelala huko?" naye akachagua zote kwa pamoja. Simu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza. Kisha akapiga picha waya zake, nyekundu, bluu na kijani, moja baada ya nyingine, akaanza kufungua.

Saa ileile msusi alikuwa anamsuka bibi harusi. Alipumzisha mgongo, akamimina chai, akafungua simu. Ilikuwa desturi yake ambayo hata wenzake wa saluni hawakuijua: kila chai, picha moja. Hakuzimaliza haraka. Alizitazama kwa zamu, kama mtu anayegawa akiba.

Folda ilikuwa tupu. Akaifunga, akaifungua. Na wakati anaitazama, kikaingia kitu: waya mwekundu. Kisha wa bluu. Kisha wa kijani.

"Dada," bibi harusi aliuliza, "mbona unanishika hivyo? Umenivuta nywele."

Shangazi Waya aliifungua mashine dukani kwake siku hiyohiyo, mbele ya wateja, miwani puani. Alijaribu kila alichojua. Msusi alisimama bila kukaa ingawa alipewa kiti mara mbili.

"Nilikuambia nakala tatu, mwanangu."

"Zilikuwa tatu. Kwa Bibi, kwangu, na moja ililala nje."

Shangazi Waya alivua miwani.  "Hizo zilikuwa zimefungwa pamoja. Ulikuwa na vioo vitatu. Mtu akitoka mbele ya vioo, hata viwe mia, vyote vinabaki vitupu."

"Na lile pipa la vilivyofutwa?"

"Limezimwa."

Msusi akakumbuka. Alilizima mwenyewe, kwa kuwa tumbo la Bibi lilikuwa dogo na video ilisema pipa linakula nafasi.

"Na picha mpya zimeandikwa palepale juu ya zile za zamani," alisema Shangazi Waya. "Nimepata hiki tu." Akageuza kioo. Lilikuwa sikio, nusu yake, na chini ya sikio mistari ya kijivu mpaka mwisho.

Jumapili Ghorofa alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyejiandaa kugombana. Hakuketi.

"Umefuta picha?" msusi aliuliza.

"Nimefuta zilizojaa simuni mwangu. Simuni mwangu, Kitana. Zako unazo."

"Sina."

"Unazo kwa Bibi."

"Sina, Ghorofa. Ulipofuta kwako zimefutika kote."

Alisita kidogo, lakini hasira aliyokuja nayo ilikuwa imeshatangulia mlangoni. "Basi baba yake atakupa nyingine. Mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Na yuko wapi huyo mtoto usiyetaka nimwone?"

"Ardhini."

Fundi akapiga hatua moja mbele. Akanyoosha mkono. Hapo ndipo msusi alipotoa ile sauti ambayo Bi Pazia aliisikia, na yaliyobaki mnayajua.

Mvua zilianza wiki hiyo na hazikukoma. Msusi alimchomoa Bibi, akamfunika kwa shuka lilelile la siku ya lifti. Chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia redio ya Bi Pazia neno kwa neno. Kazini alisuka vizuri kuliko zamani, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na hakuongea. Wateja walimsifu. Wakati wa chai alishika kikombe kwa mikono miwili, maana mkono mmoja ulikuwa haujui pa kwenda.

Jambo lililomtisha hakumwambia mtu. Uso ulikuwa unaondoka. Alikumbuka kofia, alikumbuka beseni, lakini akifumba macho aone pua, ilikuja pua ya mtoto yeyote.

Simu ya Ghorofa iliita mpaka ikachoka. Siku moja, mvua ikigonga bati la saluni, akapokea.

"Kitana?"

Msusi alisogea mlangoni, mbali na wateja.

"Nakusikia unapumua. Sitakwambia samahani, nimekwisha kuituma mara nyingi imechakaa."

"Simu ilikuwa imejaa?" aliuliza msusi.

"Ilikuwa imejaa."

"Ndiyo sababu?"

 Ghorofa angeweza kusema ndiyo, na pengine ingemsaidia.

"Siyo sababu yote," alisema Ghorofa. "Niliona wivu. Nilitaka nisimwone."

Msusi akakata. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikula akashiba.

Ghorofa alikuwa na kitu kimoja tu: picha moja kati ya alizofuta ilikuwa imekataa kutoka kichwani mwake. Shati lile, mchoro wa godoro mfukoni. Kila alipopata nafasi kazini alizunguka maduka ya magodoro, akitazama vifua vya watu. Wengine walimdhania mwizi. Mwishowe, kwenye ghala lenye harufu ya sponji mpya, akauona mchoro, na juu yake uso aliouchukia bila kuujua. Mwanamume alikuwa amenenepa. Alikuwa anahesabu mito.

"Kaka, shikamoo," alisema Ghorofa, ingawa huenda walilingana umri.

"Marahaba. Unataka la ukubwa gani?"

"Nataka picha za mtoto."

Mkono wa mwenye mito ukasimama. "Wewe ni nani kwake?"

"Mtu aliyemkosea."

Yule bwana aliweka mto chini. "Basi tuko wawili," alisema. Akavuta godoro moja, wakaketi juu ya nailoni yake, ikilia kila mmoja aliposogea. Alieleza bila kuulizwa: homa ilikuja ghafla, yeye alikuwa njiani na mzigo, aliiona simu ya mama mtoto ikiita, akasema nitapiga nikifika. Alipofika hapakuwa na wa kumpigia.

Kutoka kwenye droo alitoa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake zilikuwepo picha chache na kipande cha video. "Kipaza sauti kilikuwa kibovu. Haina sauti. Chukua."

"Jina lake nani?"

"Mtoto?" Yule bwana akasimama, akarudi kwenye mito yake. "Muulize mwenyewe. Siku ya maziko aliniambia nisilitie mdomoni tena. Sijalitia."

Safari hii Ghorofa hakuamini kidole chake. Alikwenda kwa Shangazi Waya, akafundishwa. Wakaweka nakala kwenye flashi moja, na nyingine kwenye flashi ya pili iliyofungiwa kabatini pa duka, haijaunganishwa na chochote. "Na simuni mwako?" Shangazi aliuliza. Ghorofa akatikisa kichwa. "Mpaka niruhusiwe."

Jumatatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Simu ya msusi ikaita.

"Niko ngazini," alisema Ghorofa.

"Shuka."

"Nitashuka. Nimebeba kitu, nikiweke mlangoni kwanza?"

"Kitu gani?"

"Kofia ya njano."

Mlango ulifunguka kabla hajakata simu. Alikuwa na ovaroli iliyolowa hadi magotini, na kwenye kiganja flashi iliyofungwa nailoni. Msusi alivaa sweta kubwa la kijivu, nywele zake mwenyewe hazijasukwa. Msusi asiyesukwa, Ghorofa aliona, na moyo ukamwuma kuliko kama angempiga.

"Sikuja kununua msamaha," alisema. "Nikishaweka naondoka."

Msusi alimpisha. Akaondoa shuka, akamchomeka Bibi, akachukua flashi, akasubiri. Pangaboi likakwaruza, likakohoa, likaanza kukoroma. Upande wa pili wa ukuta redio ya Bi Pazia ikapunguzwa sauti.

Picha zilikuwa chache. Msusi alizitazama bila kupepesa. Pua ilikuwepo. Ilikuwa imekunjwa kidogo upande mmoja, na yeye alikuwa amesahau kwamba ilikunjwa.

Kisha video. Mtoto ameketi, anayumba, anaitazama kamera. Pembeni anaingia msusi, mwembamba zaidi, anacheka, anapiga makofi yasiyo na mlio. Midomo yake inaita kitu. Mtoto anageuka. Midomo inaita tena, na mtoto anatabasamu kwa ufizi mtupu. Inaishia hapo.

"Nimeitazama mara nyingi," alisema Ghorofa nyuma yake. "Najaribu kusoma midomo yako. Siwezi."

Msusi akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Alipochoka alifuta uso kwa mkono wa sweta, akakaa sawa, akaanza kazi kama alivyofundishwa: si kwenye folda ya kamera tena, si mahali pa kuchanganyika na waya. Alibonyeza folda mpya. Kisanduku cheupe kikatokea, na juu yake maneno: *Andika jina la folda.*

Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe, havikushuka. Ghorofa alipiga goti kando ya kigoda, maji ya ovaroli yakichuruzika sakafuni, akautazama uso wake na siyo kioo.

"Nilimfuta kabla sijamjua," alisema. "Naomba uniambie jina lake."

Mvua ilipiga dirisha. Bi Pazia alikuwa amezima redio kabisa. Katika kisanduku cheupe kijistari kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na Bibi anakoroma.

"Kitana. Naomba."